Duara jeusi mchangani: namna ya kuandika shimo ilivyobadilisha historia ya pwani

Chimbia nguzo ya mkoko mchangani, simamisha nyumba, ezeka makuti, ishi humo wewe na wanao na wajukuu, alafu hama. Akija mtu baada ya miaka elfu moja nguzo haipo, mchwa na mvua vimeshamaliza kazi, kilichobaki ni duara la mchanga mweusi kidogo kuliko mchanga wa pembeni yake, upana kama bakuli la uji, na hata huo weusi unaonekana vizuri asubuhi tu mchanga ukiwa na unyevu, jua likishapanda unafifia. Mtu mwenye jembe anapita nalo kwa pigo moja na wala hajui kama kapita na kitu. Mwenye mwiko mdogo wa mwashi anapiga magoti, anakwangua taratibu, ananyunyiza maji kidogo rangi itokeze, anapima, anachora, analipatia namba. Wa kwanza ataandika "mchanga". Wa pili ataandika nguzo, na nguzo kadhaa kwenye mstari ni ukuta, na ukuta ukielekea kaskazini, ambako huku kwetu ndo kibla kiliko, anaanza kujiuliza kama hapa palikuwa na msikiti.

Ni mchanga uleule na duara lilelile. Kilichotofautiana ni namna ya kuchimba na namna ya kuandika, na hapo historia zimeshakuwa mbili.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanadhani akiolojia ni kufukua vitu, unavitoa, unaviosha, unaviweka kwenye kabati la makumbusho, basi. Vitu ni nusu ya habari, na pengine hata nusu haifiki. Habari kubwa ni kitu kilikuwa wapi, juu ya nini, chini ya nini, pamoja na nini, na hizo habari zinakufa palepale unapokinyanyua. Daktari wa maabara akikosea kipimo anarudia kesho, lakini shimo hurudii, udongo ukishautoa umeutoa. Kwa hiyo mtu wa baadaye hasomi shimo, anasoma daftari, fomu, michoro, picha na lebo za mifuko. Kisichokuwa humo, kwake hakijawahi kuwepo.

Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kushika mfuko wa vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, uliopoteza lebo, kalamu ilikuwa ya wino wa kawaida, mvua ikanyesha, maandishi yakayeyuka. Vigae vyenyewe vilikuwa vizima, vizuri, vimoja vina nakshi za pembetatu nzuri sana, ila vimeshakuwa vigae vya popote na vya wakati wowote. Nimekaa na ule mfuko mkononi kwa muda. Tangu siku hiyo naandika lebo mbili kwa kalamu ya risasi, moja ndani ya mfuko moja nje.

Sasa tuje kwenye miji yetu ya mawe, maana sidhani kama kuna sehemu jambo hili limeuma kama hapa pwani.

James Kirkman alichimba Gedi, kule karibu na Malindi, kuanzia 1948 na kuendelea miaka kumi hivi. Alifanya kazi kubwa, na bila yeye pengine lile gofu lingekuwa limemezwa na msitu mpaka leo. Lakini angalia alivyoyapa majumba majina: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Shanga ya Venisi. Yaani nyumba ilipewa jina la kitu cha kuvutia kilichookotwa ndani yake, na majina hayo ndo mgeni anayasikia mpaka leo akitembezwa. Kitu kimoja kilichotoka ng'ambo kinasimama badala ya familia nzima iliyolala humo na kupika humo vizazi kwa vizazi. Na kitabu chake cha 1954 kiliuita mji wenyewe mji wa Kiarabu, iko kwenye jina la kitabu kabisa, msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza na jibu ameshapewa.

Neville Chittick naye akachimba Kilwa Kisiwani miaka ya 60, akatoa vitabu viwili vizito 1974. Alikuwa makini, nasema hivi kwa haki, alitenganisha vipindi, na aliona kwamba chini ya majengo ya mawe kulikuwa na nyumba za miti zilizokandikwa udongo. Ila swali lililoongoza kazi lilikuwa la wageni: Washirazi walifika lini, nani alijenga jumba la Husuni Kubwa, sarafu ni za sultani gani. Ukienda na swali hilo unachimba msikitini na kwenye majumba makubwa, maana ndo penye majibu ya swali hilo, na nyumba za udongo zinakuwa kama utangulizi wa mji kabla mji "wenyewe" haujaanza.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo ukilielewa mengine yanafunguka. Zamani ilikuwa kawaida, sio Afrika tu, kufuata ukuta. Unaona ncha ya ukuta, unachimba mfereji pembeni yake, unaufuata mpaka kona, unageuka nao, mwisho una ramani safi ya jengo. Shida ni kwamba ule mfereji umekata kila tabaka lililokuwa linagusa ukuta, sakafu imeachana na ukuta wake, taka zimeachana na sakafu, na huwezi tena kujua ukuta ulijengwa kabla au baada ya lile tabaka la majivu. Unabaki na ukuta usio na wakati. Na mfereji wa namna hiyo hauwezi kuonyesha nyumba ya miti hata siku moja, kwa sababu nyumba ya miti haina ukuta wa kufuata! Kwa hiyo mji wa mawe unaonekana kama umeshuka kutoka melini ukiwa mzima, chini yake hamna kitu.

Mortimer Wheeler, Mwingereza, alilipinga sana hilo la kufuata kuta, na miaka ya 1930 akatumia mtindo wa miraba: unagawa eneo kama ubao wa drafti, unachimba kila mraba, katikati unaacha kuta za udongo ili matabaka yasomeke ubavuni. Ni maendeleo makubwa ukitaka kujua kipi kilitangulia kipi. Lakini kila mtindo una jicho lake na upofu wake. Kwenye mraba mdogo utaona madoa matatu ya nguzo, na ya nne imefichwa ndani ya ule ukuta wa udongo ulioacha, na matatu peke yake hayakupi nyumba. Ndo maana baadaye wengi wakahamia kufungua eneo kubwa kwa mara moja, unakwangua pote kama unafagia uwanja, unasimama juu ya ngazi na kuangalia madoa yamejipangaje. Alafu 1973 Edward Harris, aliyekuwa anafanya kazi na rekodi za uchimbaji wa mji wa Winchester, Uingereza, akabuni mchoro wa kisanduku na mistari, kila tukio lina kisanduku chake, iwe ni shimo, jivu, sakafu au ukuta kuanguka, na mstari unasema lipi lilikuja juu ya lipi. Shimo lililochimbwa na mtu zamani likawa na namba yake kama kitu, hata kama ni uwazi tu. Ukifikiria, hilo ni kubwa, kwa mara ya kwanza nguzo iliyooza ina haki sawa na ukuta wa mawe kwenye karatasi.

Mark Horton alipokwenda Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980, ndo hayo mawazo alikwenda nayo. Juu ya ardhi Shanga ni gofu kama magofu mengine, misikiti, makaburi, nyumba nyingi za mawe, mji ulioachwa karne ya 15. Akachimba chini ya msikiti wa Ijumaa. Chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na msikiti mwingine wa mawe, wa matumbawe, na chini yake ule mchanga wenye madoa, na madoa yalipochorwa yakatoa jengo la miti, na chini yake jengine, na jengine, yanarithishana sehemu ileile, ya chini kabisa yanafika karne ya 8, mwelekeo wa kibla haujakaa sawasawa lakini upo. Mpaka kwenye matabaka ya chini vyungu ni vilevile vya wenyeji. Hakuna pahali kwenye ule mfululizo ambapo watu wa zamani wanaondoka na wapya wanashuka na mawe yao. Ni watu wa hapa waliosilimu, wakajenga kwa miti, wakajenga tena, wakaja kujifunza kukata matumbawe, na mji ukakua juu ya majivu yake wenyewe.

Sisemi Horton aliona kila kitu bila miwani. Aliweka nguvu zake katikati ya mji, msikitini na kwenye ua uliouzunguka, kwa hiyo hadithi yake ni ya katikati, na ule ua akaufananisha na kaya za Wamijikenda, kitu ambacho wengine hawakukubaliana nacho. Lakini kwa sababu madoa yalichorwa moja moja, anayepinga ana cha kushika, anaweza kuchukua mchoro uleule akapanga nyumba zake mwenyewe. Rekodi nzuri inampa silaha hata asiyekubaliana nawe.

Vyungu navyo vina kisa chao. Vile vigae vya wenyeji vya mwanzo kwa muda mrefu viliandikwa kwenye ripoti kama vyombo vya jikoni. Jina dogo tu, ila lina uzito: kaure ya China ni biashara, bakuli la Uajemi ni utajiri, na chungu ni cha jikoni, yaani cha mwanamke anayepikia bwana mwenye mji. Horton akaviita vya mapokeo ya Tana, kwa sababu vinapatikana mpaka huko mto Tana ndani, na Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaviita kwa nakshi yake, pembetatu zilizochorwa, akaonyesha vinavyohusiana na vyungu vya wakulima wafua chuma wa zamani zaidi huku Tanzania. Chungu ni kilekile. Jina la kwanza linakipeleka jikoni, la pili linakipeleka bara, la tatu linakipa babu.

Kuna na hesabu, hapa naomba usome polepole. Tuseme, kwa mfano tu, shimo limetoa vigae 1,000, vya kigeni 40 na vya vyungu vya kwetu 960. Kigeni ni asilimia 4. Lakini vigae ni vizito, stoo ni ndogo, gari ni moja, kwa hiyo vya kigeni vinachukuliwa vyote maana vinasaidia kupata tarehe, na vya vyungu vinachukuliwa vyenye midomo au nakshi tu, tuseme 80, vingine vinarudishwa shimoni. Baada ya miaka thelathini mwanafunzi anafungua sanduku anahesabu 120, na kigeni kimekuwa theluthi moja! Hakuna aliyedanganya. Ila kama daftari halikuandika kwamba vigae 880 vilitupwa, mwanafunzi yule ataandika kwa moyo safi kabisa kwamba theluthi ya vyombo vya mji ule vilitoka ng'ambo.

Chekeche ndo usiseme. Shanga nyingi za kioo za zamani zina upana wa milimita mbili tatu, kwenye chekeche ya tundu za milimita kumi zinapita zote zinakwenda na kifusi, na mifupa ya samaki wadogo nayo inapita, kwa hiyo kwenye ripoti watu wa pwani wanaonekana wanakula ng'ombe, mbuzi na kasa, samaki wadogo hawapo. Mbegu hata chekeche ndogo haitoshi, unamimina udongo kwenye maji, unakoroga kwa upole, vilivyoungua vinaelea juu, unaviengua kwa kitambaa chepesi, unaanika kivulini. Kazi ya kuchosha, udongo ndoo kwa ndoo, na maji kisiwani unayabeba. Lakini kwa kazi hiyohiyo Sarah Walshaw aliweza kuonyesha kwamba kule Pemba watu wa Tumbe, karne ya 7 mpaka ya 10, nafaka yao kubwa ilikuwa uwele, na baadaye Chwaka, kuanzia karne ya 11, mpunga ndo ukatawala. Fikiria hilo, wali ambao leo huwezi kufanya harusi wala hitima bila huo, tumejua ulivyoingia mezani kwa sababu kuna mtu alikubali kuosha udongo. Na 2016 Alison Crowther na wenzake, kwa mbegu za kuelea hivyohivyo kutoka maeneo mengi, wakaonyesha kwamba Bara na visiwa vya karibu mazao yalikuwa zaidi ya Kiafrika, na Komoro na Madagaska ndo kulikuwa na mazao ya Asia, alama ya wale waliovuka bahari kutoka kusini mashariki ya Asia. Ushahidi ulikuwa kwenye udongo siku zote, ulikuwa unatupwa.

Na sarafu. Sarafu ya Kilwa iliyookotwa ufukweni ni nzuri kuitazama ila inakwambia jina la sultani tu. Chittick alimweka Ali bin al-Hasan, anayetajwa kama mwanzilishi wa ukoo wa Kishirazi, kwenye mwisho wa karne ya 12. 1984 ikapatikana hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, nyingine zina jina la huyohuyo Ali bin al-Hasan, na pamoja nazo dinari za dhahabu za Kifatimi, watawala wa Misri wa wakati huo, ambazo zina tarehe, ya mwisho ikiwa ya karne ya 11. Kwa sababu zilijulikana zimezikwa pamoja, sultani akarudi nyuma zaidi ya karne moja. Zingeuzwa moja moja mnadani huo mjadala usingekuwepo.

Songo Mnara, jirani ya Kilwa, inanigusa zaidi kwa sababu kule Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, kuanzia 2009, waliamua kuandika mahali ambapo hamna kitu. Kuta zimesimama, kila mtu anazipiga picha, wao wakaenda kwenye uwanja mtupu katikati ya mji. Wakapitisha vifaa vinavyosoma ardhi bila kuichimba, wakachukua udongo kwa vipimo vya kemikali, wakaandika kila sarafu ilipolala. Uwanja ukaanza kusema: hapa kulikuwa na nyumba za udongo, hapa watu walifanya kazi, na kwenye makaburi watu walikuwa wanaacha vijiwe vyeupe vya kwatsi na sarafu. Kijiwe cheupe ni kitu ambacho mchimbaji wa zamani angekirusha kwenye kifusi bila kufikiri mara mbili. Mtu aliyekaa akamuombea marehemu wake miaka 600 iliyopita amebaki kwenye historia kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika jiwe.

Kwa hiyo je, tulikuwa tunadanganywa na miji ni ya kwetu peke yetu, basi? Hapana, na hapa ndo naomba tusiruke kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine. 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa zamani, wengi wao kutoka miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, ukionyesha mchanganyiko wa Waafrika, zaidi upande wa mama, na Waajemi, zaidi upande wa baba, ulioanza karibu na mwaka 1000. Wazee waliosema wametoka Shirazi hawakuwa wanabuni. Lakini swali la daftari linabaki palepale: mifupa ilitoka kaburi gani? Mingi ni ya makaburi ya heshima, karibu na misikiti, ya watu wenye nafasi, maana hayo ndo yanaonekana na ndo yamechimbwa. Mvuvi na mtu wa nyumba ya udongo walizikwa pengine pembeni, bila jengo juu yao, na sehemu yao kwenye zile namba ni ndogo.

Ian Hodder, aliyeongoza uchimbaji wa Çatalhöyük huko Uturuki kuanzia 1993 mpaka 2018, alisema tafsiri inaanza kwenye ncha ya mwiko, sio ofisini. Fomu za siku hizi zinakutaka kwanza ueleze udongo, rangi, ugumu, mchanganyiko, alafu chini ndo useme unadhani ni nini, kana kwamba ni vitu viwili. Lakini ukishaamua kuacha kukwangua hapa kwa sababu "tabaka limebadilika" umeshatafsiri. Ndo maana kwake wachimbaji walikuwa wanaandika shajara na kurekodiwa kwa video wakibishana shimoni. Nalipenda sana hilo, kwa sababu huku kwetu anayeshika mwiko mara nyingi ni kijana wa kijijini aliyechimba na wageni misimu kadhaa, anajua mchanga wa kwao kuliko mwenye shahada, anakwambia "huu sio mchanga wa bahari huu, huu umebebwa", na maneno yake hayana kisanduku kwenye fomu. Kaandikwa kwenye orodha ya malipo tu.

Leo tuna droni, picha zinazounganishwa na kompyuta kuwa umbo la pande tatu, tableti badala ya karatasi. Ni msaada mkubwa na mimi natumia. Ila kuchora kwa mkono kulikulazimisha kuangalia kila jiwe, picha inakuruhusu kubonyeza na kuondoka, na menyu ya kuchagua rangi ikiwa na rangi nane basi udongo wa Tanzania nzima utakuwa na rangi nane.

Kisa kimoja cha mwisho, kinatoka Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, mbali na bahari. 1976 kikosi cha Mary Leakey kilikuta nyayo tano za ajabu kwenye majivu ya volkano, eneo waliloliita A. Miaka miwili baadaye zikapatikana zile nyayo maarufu za mababu wa binadamu, za eneo G, na hizi tano zikawekwa pembeni, mmoja akapendekeza pengine ni dubu aliyesimama kwa miguu miwili. Ila zilikuwa zimewekwa kwenye ramani. 2019 watafiti wakaifuata ramani ile, wakafukua palepale, wakazikuta, udongo ulioletwa na mvua ulikuwa umezifunika na kuzitunza. Wakazipima upya, wakalinganisha na za dubu, za sokwe na za watu, na 2021 wakachapisha: sio dubu, ni wa jamii yetu, na mwendo wake haufanani na wa wale wa eneo G.

Aliyeweka ile alama kwenye ramani hakuwa na uhakika ni mnyama gani. Aliweka tu mahali, kwa usahihi, ndo kilichohitajika miaka arobaini na mitatu baadaye.